Viatu vya suti: rangi ya kununua kwanza, ya pili, na ya kuiacha dukani

Kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, fungua kabati, toa suruali zako zote za heshima uzitandaze kitandani. Za suti, za kitambaa, kaki za ofisini, hata ile ya Kaunda suti uliyoshona kwa harusi ya shemeji. Zihesabu kwa rangi. Mimi nilikuta kumi na moja: nyeusi tano, bluu nzito tatu, kijivu mbili, kaki moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini pea ya viatu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa inashinda ndani ya boksi.

Pea hiyo niliinunua usiku, kwenye duka la ndani ndani lenye taa nyeupe juu. Muuzaji aliniambia, "Hii kahawia, braza, unaipiga na kila kitu." Chini ya taa ile ilikuwa kahawia kweli. Wiki iliyofuata nikaivaa na suti nyeusi kwenye sendoff ya binti wa shangazi. Tulipotoka nje kupiga picha, jua la saa kumi likaangukia miguuni, kiatu kikageuka papai lililoiva. Mjomba wangu, mtu asiye na maneno mengi, alinipima kuanzia kichwani, akashuka taratibu hadi chini, akabaki huko huko. "Mjomba, hivyo viatu umeazima?" Picha zimo kwenye albamu ya familia, na kila anayeifungua macho yake yanaanzia miguuni kwangu.

Kwa hiyo mpangilio huu haufuati uzuri wa kiatu kikiwa rafuni. Unafuata swali moja tu: rangi hii itakubaliana na suruali ngapi kati ya zile zilizo kitandani?

1. Nyeusi

Hapa hakuna ubishi. Suti nyeusi inataka kiatu cheusi, na kwa kuwa wanaume wengi suti yetu ya kwanza huwa nyeusi, swali limejijibu. Kiatu hicho hicho kinakwenda na kijivu cha mkaa, kijivu cha kawaida na bluu nzito. Kinaingia kwenye usaili, mahakamani, ibadani na msibani bila mtu kukigeukia, na kiatu cha shughuli hizo hakitakiwi kugeukiwa. Kaunda suti ya kijivu au bluu nayo inakaa sawa juu yake.

Kinapokwama ni kwenye kaki na rangi za mchanga. Suruali ya kaki juu ya kiatu cheusi kinachong'aa inakufanya uonekane umetoka na sare ya shule.

Kwa pea hii ya kwanza nunua kiatu cha kamba, kisicho na mapambo. Angalia pale kamba zinapopita. Kama zile ngozi mbili za kamba zimeshonewa chini ya ngozi ya mbele, kiatu kinafunga kama mfuko wa barua. Hicho ndicho Oxford, cha rasmi kuliko vyote. Kama zimelala juu na zinaweza kufunguka pembeni, hicho ni Derby. Vitabu vya mavazi vitakwambia Oxford ndiyo ya suti. Lakini miguu mingi iliyokulia kwenye ndala ni mipana, na Oxford ikibana juu ya unyayo haina huruma, maana haina pa kulegea. Ukiona ngozi za kamba zimeachana kwa umbo la V hata baada ya kufunga, kiatu hakijakupata. Chukua Derby, hakuna atakayekushtaki.

Moka nyeusi si mbadala wa pea hii. Ni nzuri kwa ofisi, na kwa anayevaa kanzu na koti ambaye hataki makubadhi siku hiyo, lakini chini ya suti ya usaili inaonekana imekuja kusindikiza. Na ile ncha ndefu iliyochongoka kama mdomo wa chuchunge iache ilipo.

2. Damu ya mzee

Najua hapa nitapingwa. Kwenye miongozo mingi ya Ulaya na Marekani nafasi ya pili inakwenda kwa kahawia. Lakini ile miongozo imeandikiwa kabati lenye suti za bluu na kijivu. Rudi kitandani kwako. Tano kati ya suruali zangu kumi na moja ni nyeusi, na kahawia chini ya suruali nyeusi inakaa vibaya. Damu ya mzee iliyoiva inakaa. Wekundu wake mzito unakubaliana na weusi, pale ambapo kahawia inagombana nao. Sisemi uivae na suti nyeusi kamili kwenye harusi. Nasema suruali nyeusi, shati jeupe, Jumatano ofisini. Hapo inapita na kusifiwa juu yake.

Ikija kwenye kijivu, hakuna rangi inayoishinda. Kijivu cha mkaa, kijivu cha majivu, vyote viwili vinapata uhai. Bluu nzito vilevile. Na kwenye kaki, ambako cheusi kilifeli, damu ya mzee inaingia bila kupiga hodi. Ukihesabu, pea hii inakaa chini ya karibu kila kilichoko kitandani.

Kule Chicago kuna kiwanda cha ngozi cha Horween, kilichoanza 1905, kinachosifika kwa ngozi nzito ya matako ya farasi, na rangi yake inayotafutwa kuliko zote inaitwa namba 8. Mpe mtu wa Tanga aitazame, hatahitaji namba. Atakwambia ni damu ya mzee.

Shida yake ni kivuli. Inayofaa ni ile ambayo ukiwa kivulini inakaribia weusi, na wekundu unatoka jua linapoipiga. Kipimo changu ni kuiweka chini kando ya kiatu cheusi na kurudi nyuma hatua tatu. Kama damu ya mzee inakupigia kelele kutoka pale, hiyo ni nyekundu tu, muachie msanii wa jukwaani. Shida ya pili ni mkanda. Mikanda ya rangi hii ni adimu, kwa hiyo nenda na kiatu mkononi kwa muuza mikanda, au mpelekee fundi ngozi akukatie. Ukikosa kabisa, mkanda wa kahawia nzito unapita. Mweusi haupiti.

3. Kahawia nzito

Nazungumzia rangi ya kahawa isiyotiwa maziwa. Kama kabati lako halina nyeusi nyingi, wewe ni mtu wa suti za bluu, basi ibadilishane nafasi na damu ya mzee, sitakasirika. Kahawia nzito chini ya suti ya bluu nzito ndiyo ndoa nzuri kuliko zote kwenye mwongozo huu. Inakaa pia na kijivu cha kawaida, kaki, kijani cha jeshi, na ile suti ya bluu inayong'aa iliyoshika harusi zetu miaka hii. Kwenye kijivu cha mkaa inaanza kusita. Kwenye nyeusi, narudia, hapana.

Kahawia imebeba historia ya ubaguzi. London ya watu wa benki ilikuwa na kanuni kwamba kahawia ni kiatu cha shamba, mjini ni nyeusi. Mwaka 2016 tume ya serikali ya Uingereza inayofuatilia fursa za watoto wa watu wa kawaida ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kwenye benki za uwekezaji bado kulikuwa na mabosi wanaomtilia mashaka kijana aliyekuja na suti na viatu vya kahawia. Hakuna aliyekuwa amemwambia kijana huyo. Kwao anayejua anajua, na asiyejua amezaliwa nyumba isiyo sahihi. Hapa kwetu sijasikia usaili uliokufa kwa sababu ya kahawia, lakini kama pea zote mbili unazo na asubuhi hiyo unakwenda kuomba kazi benki, vaa cheusi.

4. Kahawia nyepesi

Rangi ya asali, ya karanga, na binamu zao wa papai. Hii ndiyo inayonunuliwa mapema kuliko inavyostahili, kwa sababu dukani inaita. Ni pea ya tatu au ya nne, ya mchana, ya suruali za kitani, krimu, kaki na bluu ya anga. Harusi ya ufukweni inakaa vizuri sana. Kadiri suti inavyozidi kuwa nzito ndivyo kiatu hiki kinavyozidi kuonekana kama kimekuja na mtu mwingine.

Zilizobaki nazipitia haraka. Kiatu cha bluu kinafaa kwa kijivu na kaki, lakini juu yake suti ya bluu isiyolingana nayo inaleta mgogoro; nunua kama tayari una nne. Kijivu sijawahi kuona kikimpendeza mtu zaidi ya mwezi mmoja, kinachafuka vibaya. Nyeupe ni ya bwana harusi na mpambe wake, siku moja. Vya rangi mbili waachie wanamuziki wa dansi, wao wanavibeba.

Ukiwa sokoni

Toka nje na kiatu. Hili ndilo kosa lililonipeleka kwenye albamu. Taa za madukani zinaficha unjano na wekundu, kwa hiyo mwombe muuzaji ukisogeze hadi barazani, ukiweke juu ya suruali uliyokuja nayo. Ndiyo, nenda na suruali kwenye mfuko. Akikataa kiatu kisitoke, umeshajibiwa.

Nenda alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa mizunguko ya siku. Kiatu kilichokutosha saa mbili asubuhi kinaweza kukutesa ukumbini saa tatu usiku.

Kwa anayetafuta vipya vilivyotengenezwa huku huku, kiwanda cha Karanga pale Moshi, cha ubia wa Jeshi la Magereza na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, kinatoa viatu vya ngozi, na Kenya wana Bata ya Limuru. Lakini wengi wetu tutaishia mtumba, na mtumba si jambo la aibu. Kiatu cha ngozi halisi kilichovaliwa mara kumi Ujerumani kinaweza kuwa bora kuliko kipya cha plastiki kinachochanika kwenye mkunjo wa vidole baada ya miezi miwili. Hatari ya mtumba ni soli. Kuna soli nyepesi za povu la poliyurethani ambazo zikikaa miaka ndani ya stoo zinaoza kwa unyevunyevu wa hewa bila hata kuvaliwa. Kwa macho ni nzima. Unatembea nazo nusu saa, zinaanza kudondoka vipande kama mkate mkavu, na wewe uko katikati ya ukumbi. Bonyeza ubavu wa soli kwa kucha ya dole gumba. Ikinata, au ikabaki na kovu, au ikatoa unga, rudisha kiatu kwenye rundo. Soli ya ngozi au ya mpira mgumu iliyoshonwa kuzunguka pembeni haina ugonjwa huo, na fundi anaweza kuibadilisha.

Soksi zifuate suruali, si kiatu. Ukivaa suruali ya kijivu na kiatu cha damu ya mzee, soksi ni ya kijivu, na iwe ndefu kiasi kwamba ukikaa mguu hauonekani. Ukimpelekea fundi cherehani suruali aipunguze, vaa kiatu chenyewe wakati anapima. Wengi tunapimwa na ndala, kisha tunashangaa kitambaa kinajikunja juu ya kiatu kama pazia.

Na kiwi. Dawa hii ilianza kuuzwa Australia mwaka 1906, na William Ramsay aliyeibuni aliipa jina la ndege wa New Zealand, nchi ya mke wake. Sisi tulishakuwa na neno kiwi kwa ule mwanga unaofumba macho, kwa hiyo kopo lilipofika halikuhitaji kutafsiriwa. Mpiga kiwi wa kijiweni ana brashi moja iliyolowa nyeusi tangu asubuhi. Viatu vya kahawia na damu ya mzee usimpe kabla hujaona brashi nyingine, la sivyo utarudishiwa kiatu chenye mawingu. Nunua kopo lako lisilo na rangi na kitambaa, ufanye mwenyewe Jumapili jioni.

Ile pea ya papai sikuigawa. Ngozi nyepesi inaweza kutiwa rangi ikawa nzito, ila nzito hairudi kuwa nyepesi, na hilo lilinipa matumaini. Nilimpelekea fundi mmoja wa pale stendi, akaisugua spiriti kutoa kiwi ya zamani, akapaka dawa ya rangi kwa sponji, akaiacha ikauke, akarudia mara tatu. Ilitoka kahawia nzito yenye wekundu kwa mbali. Uzi tu ndio uliogoma kushika rangi. Ukiinama utaona mistari ya papai imezunguka soli nzima. Niliivaa na suti ya bluu kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka. Mjomba aliangalia chini, akaniuliza nimenunua wapi.