Boksi la kauboi za Kitaliano za mwanzo: uzoefu wangu

Binamu yangu anayefanya kazi Milano alipokuja likizo mwezi Desemba aliniletea boksi la diski nne lenye filamu nane za kauboi, zote zimetengenezwa na Wataliano kati ya 1963 na 1966. Nilimwagiza mwenyewe na nikamrudishia yuro zake 24. Nimeziangalia zote, nyingine mara mbili, na moja mara nne. Kabla ya kuagiza nilitafuta maoni ya walionunua, nikakuta karibu kila mtu anazungumzia zile kubwa zilizokuja baadaye, ndefu, zenye majeshi mazima ndani yake. Za mwanzo, zilizotengenezwa kwa fedha za kuungaunga, hazikuwa na wa kuzisemea. Nitazisemea mimi, pamoja na mabaya yake, maana mabaya yapo mengi.

Kauboi nimezirithi kwa mjomba. Ujana wake ulikuwa Dar es Salaam ya miaka ya sabini, enzi za foleni nje ya sinema za mjini, na picha aliyoipenda kuliko zote aliiita "Jango". Alituhadithia sisi watoto mara nyingi: steringi anaingia mjini kwa miguu, hana farasi, anaburuta jeneza kwenye matope, na hakuna anayejua ndani yake kuna nini. Nilipoiweka hatimaye, Django ya Sergio Corbucci ya mwaka 1966, nikaona kwamba mjomba hakuongeza chumvi. Matope ni matope kweli, ya viunga vya Roma, na unawaona waigizaji wanavyopata taabu kunyanyua miguu. Njia kuu ya mji imekuwa uji. Franco Nero alikuwa na miaka 24 tu, lakini anatembea kama mtu aliyezika wengi.

Mke wangu alipita sebuleni akauliza: Wataliano na kauboi wapi na wapi? Nilimjibu hivi. Mwanzoni mwa miaka ya sitini studio za Roma zilikuwa zinaishi kwa filamu za mashujaa wa kale, akina Hercules wa vifua vipana na panga, na watazamaji wakaanza kuzichoka. Marekani nayo ilikuwa imehamishia kauboi zake nyingi kwenye televisheni, huku kumbi za Italia bado zina njaa nazo. Mwaka 1962 Wajerumani wakaenda Yugoslavia kupiga filamu ya kauboi, ikajaza kumbi. Watayarishaji wa Roma wakaona njia. Hispania kulikuwa na nyika kavu ya Tabernas huko Almería, kulikuwa na mji wa mbao karibu na Madrid uliokwisha kujengwa kwa filamu nyingine, gharama zilikuwa chini, na watu wa Andalusia kwa sura waliweza kupita kama Wamexico. Kilichobaki ni majina, na majina yakabadilishwa ili mtazamaji aamini kanunua tiketi ya picha ya Kimarekani. Ndiyo maana ukisoma maandishi ya mwanzo ya filamu hizi unakuta akina John, Mike na Bob wasiokuwepo. Mwongozaji Sergio Leone alijiita Bob Robertson, na hilo lilikuwa na heshima ndani yake, kwa sababu baba yake aliyekuwa mwongozaji zama za filamu bubu alitumia jina la Roberto Roberti.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwangu peke yake kilitosha kulipia boksi zima. Diski ya pili ina filamu mbili za mwaka mmoja, 1964, za kampuni moja, Jolly Film, zilizopigwa kwa kufuatana, mandhari zilezile, na muziki wa mtu mmoja, Ennio Morricone. Ya kwanza ni Le pistole non discutono ya Mario Caiano. Hii ndiyo iliyopewa kipaumbele. Steringi wake, Rod Cameron, alikuwa Mmarekani mwenye jina kwenye kauboi za zamani. Ya pili ni Per un pugno di dollari ya Leone, iliyopewa kilichopatikana, kama dola 200,000. Steringi wake alikuwa kijana wa kipindi cha televisheni aliyelipwa dola 15,000, Clint Eastwood.

Nilianza na ile ya Cameron kwa makusudi. Ni picha safi. Cameron ni Pat Garrett, yuko kanisani anafunga ndoa, ndugu wawili wanavamia benki na kuua, naye anaacha harusi yake anawafuata hadi Mexico. Kila kitu kinakwenda kama unavyotarajia. Sherifu ana wajibu, anautimiza, anachoka, anaendelea. Sikuichukia hata kidogo. Lakini asubuhi yake nilipojaribu kumsimulia binamu yangu sikuweza kukumbuka picha hata moja iliyonikaa kichwani.

Usiku uliofuata nikaweka ya Leone. Mgeni anafika juu ya nyumbu, anasimama kisimani, anachota maji. Mtoto mdogo anajipenyeza kwenye nyumba ya pili kumtafuta mama yake, walinzi wanamtoa kwa mateke na risasi za miguuni. Kwa kanuni zote tulizolelewa nazo, hapo steringi anainuka. Huyu hakuinuka. Alikunywa maji yake, akaangalia, akapanda nyumbu akaenda. Nilisimamisha filamu. Nilikuwa nimeshaiona utotoni kwenye kibanda cha video, lakini sikuwahi kuiona mara tu baada ya mwenzake yule wa harusi, na hapo ndipo nilipoelewa watu wa Italia walishtushwa na nini mwaka ule. Vumbi ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba hujui mtu huyu atafanya nini, na inabidi umtazame usoni kutafuta dalili.

Na uso wake unauona vizuri kwa sababu ya ubahili. Filamu nyingi za namna hii zilipigwa kwa mfumo wa Techniscope, uliobuniwa na tawi la Technicolor la Roma. Kwa kawaida kila picha kwenye mkanda wa filamu huchukua matundu manne ya pembeni. Mfumo huu ulichukua mawili tu, kwa hiyo mkanda uleule ulipiga muda mara mbili. Picha ikatoka pana na nyembamba kama nafasi ya barua mlangoni, ikiwa na chengachenga zaidi, lakini kwa lenzi za kawaida kamera iliweza kusogea karibu sana na mtu bila kumharibu umbo. Leone akalitumia hilo. Akajaza upana wote kwa jicho, jasho na ndevu za siku tatu. Waliokuwa na fedha walipiga milima. Yeye alipiga nyuso, na nyuso zikawa ndiyo milima.

Hapa nina lalamiko juu ya boksi lenyewe. Filamu tatu kati ya nane zimekatwa pembeni ili zijae kwenye skrini ya zamani ya mraba. Wanaume wawili wanatazamana kwa bastola, unamwona mmoja na kofia ya mwenzake. Kwa filamu ambazo uhai wake wote uko kwenye huo upana, ni kuharibu kazi ya watu. Waliotoa diski hizi hawakuandika onyo lolote juu ya boksi. Maandishi ya tafsiri nayo yanachelewa kwenye diski ya nne, mtu anauawa kwanza ndipo unasoma kitisho chake.

Sauti ndiyo wengi wanaizomea, na mimi naomba waisikilize tena. Filamu hizi zilipigwa bila kurekodi sauti ya kutumika. Fedha za Per un pugno di dollari zilitoka Italia, Hispania na Ujerumani Magharibi, kila upande ukaleta watu wake, na mbele ya kamera Eastwood alisema Kiingereza, Gian Maria Volonté Kitaliano, Marianne Koch Kijerumani. Sauti zote ziliingizwa studio baadaye. Kwa hiyo hakuna toleo la asili. Nimesikiliza Kitaliano, ambapo Eastwood ana sauti ya mwigizaji Enrico Maria Salerno, nikasikiliza na Kiingereza, na midomo hailingani na maneno kote kuwili. Mwanzoni inakera. Lakini sisi tuliokaa kwenye mabenchi ya vibanda vya video, mtafsiri akiwa na kipaza sauti anamsemea kila mtu kuanzia jambazi hadi bibi harusi, tulishazoea kwamba sauti na mdomo ni vitu viwili. Baada ya nusu saa sikio langu lilikubali.

Muziki nao umezaliwa humohumo. Okestra kubwa ni ghali. Morricone akachukua mluzi wa Alessandro Alessandroni, gitaa la umeme, mjeledi, kengele na watu wachache wa kuitikia. Kwenye picha ya Caiano muziki wake ni mzuri na unapita. Kwa Leone unasimama mbele kama mhusika. Ni mtu yuleyule, mwaka uleule, na nadhani tofauti ni kwamba Leone alimwachia nafasi kwa kuwanyamazisha waigizaji. Hata majina ya mwanzo, vivuli vya wapanda farasi kwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, ni uchoraji wa bei ndogo unaoshinda mwanzo wa filamu nyingi za leo.

Mabaya sasa, na haya siyatetei. Usiku wake ni mchana uliopigwa kwa kichujio cha bluu, vivuli vya jua kali vinaonekana chini ya farasi. Mji ni uleule filamu baada ya filamu, na baada ya ya tatu nilikuwa naijua ngazi ya baa kuliko ya kwangu. Bastola ya risasi sita inafyatua kumi na moja, nilihesabu. Katikati pananyonga: wapanda farasi wanakwenda kushoto, wanarudi kulia, dakika saba nzima, ni dhahiri watu walikuwa wanatafuta kutimiza urefu. Duello nel Texas ya 1963, iliyoitangulia ya Leone katika kampuni ileile, inazama hasa hapo. Richard Harrison anajitahidi, wimbo wa mwanzo ni mtamu, lakini kila kitu kimeigwa Hollywood kwa hofu, kana kwamba wanaomba wasigundulike.

Linaloniuma zaidi ni watu. Wamexico wa filamu hizi ni wachekaji wa meno nje, walevi, wauaji, mmoja baada ya mwingine, na ukweli kwamba Wahispania maskini ndio waliolipwa kidogo kuwaigiza haupunguzi kitu. Mwafrika yeyote aliyekwisha kuona jinsi filamu za nje zinavyotuonyesha sisi atalihisi hilo tumboni. Wanawake hawana maneno. Marianne Koch alikuwa nyota Ujerumani, na kwa Leone kazi yake kubwa ni kutazama kwa huzuni dirishani. Na kuna suala la haki: hadithi ya Leone ilifuata Yojimbo, filamu ya Mjapani Akira Kurosawa ya 1961, hatua kwa hatua bila ruhusa. Wajapani walidai, wakapewa asilimia 15 ya mapato, na Marekani ikaipata filamu mwaka 1967 tu. Naipenda filamu hii na bado nasema Kurosawa alidhulumiwa.

Nimesema moja nimeiangalia mara nne. Si ya Leone. Ni Minnesota Clay ya 1964, ya Corbucci, ambaye humo alitumia jina lake mwenyewe. Cameron Mitchell ni mpiga bastola aliyefungwa kwa kosa lisilo lake, anatoroka kambi ya kazi ngumu ili kumtafuta anayeweza kumsafisha, na macho yake yanakufa. Ina kasoro zote nilizotaja hapo juu. Vichekesho vya pembeni havichekeshi. Lakini dakika za mwisho ni usiku, mjini, yeye haoni karibu kitu na wao wengi, na anawasaka kwa masikio. Ubao unalia. Buti linakwaruza changarawe. Anageuka, anafyatua kwenye sauti. Na ukikumbuka kwamba sauti zote hizo zimewekwa studio baadaye, kila unyayo ni mtu aliyekaa akaamua usikike wapi.

Kwa anayetaka kununua: ukipata toleo lenye picha pana, lipia zaidi, usinunue hili langu. Anza na diski ya pili kwa mpangilio niliofuata, ya Cameron kisha ya Eastwood, siku mbili mfululizo. Django iache Jumamosi. Duello nel Texas ni ya mwenye kutaka kujua ilikoanzia, mwingine aruke. Usizionyeshe kwa watoto wadogo, Django ina sikio linalokatwa.

Mjomba ana presha ya macho kwa mwaka wa sita sasa, anaona mwanga na watu wakipita kama vivuli. Nilimletea Django nikamkalia pembeni namsimulia kama mtafsiri wa kibandani, naye ananisahihisha kwa kumbukumbu. Minnesota Clay hakuwahi kuiona. Tulipofika pale mjini usiku nilianza kumweleza nani yuko wapi, akaninyooshea kiganja ninyamaze. Alikaa ameinamisha kichwa upande wa spika hadi risasi ya mwisho. Kisha akasema, "Rudisha, mjomba. Kuanzia pale ubao ulipolia."