MP3, Vorbis, ADPCM, Opus: Ipi Iingie Kwenye Gemu Yako?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo nachambua fomati za sauti zilizobanwa, yaani zilizopunguzwa ukubwa, zile zinazotumika ndani ya gemu. Mwenye hedifoni avae, maana kitu cha kwanza ninachotaka mkisikie ni kidogo sana na spika ya simu inaweza kukificha.

Huu ni muziki unaojirudia, umehifadhiwa kwa MP3. Sikilizeni pale unapoisha na kuanza upya... Hapo! Mmesikia mdundo ulivyojikwaa? Aliyepiga muziki hana kosa. Sauti ya kidijitali huhifadhiwa kama vipimo vingi vidogo vinavyoitwa sampuli; MP3 hugawa sauti katika vipande vya sampuli 1,152, na kipande cha mwisho kisipojaa hujazwa ukimya. Mwanzoni nako programu inayobana huongeza ukimya wake. Ukisikiliza wimbo mara moja, hilo halikusumbui hata kidogo. Kwenye gemu, mchezaji anaweza kukwama kwenye hatua moja nusu saa nzima, na lile pengo litamrudia hadi azime sauti. Zipo njia za kuandika ndani ya faili ni sampuli ngapi zirukwe, ila lazima programu inayoisoma iyafuate maelezo hayo, na si zote zinazoyafuata.

Sasa muziki uleule kwa Ogg Vorbis... Umeunganika, husikii mahali ulipoishia. Vorbis huweka hesabu kamili ya sampuli, kwa hiyo sauti inakatwa palepale inapotakiwa. Kwangu mimi, hilo peke yake lingetosha kunifanya niichague, lakini kuna la pili. Toleo la 1.0 la Vorbis lilitolewa na shirika la Xiph.Org mwaka 2002 likiwa huru kabisa, bila ada, wakati MP3 ilikuwa bado chini ya hataza na mtengenezaji wa gemu akidaiwa leseni. Mpango ule wa leseni za MP3 ulifungwa mwaka 2017. Ndiyo maana ukichungulia mafaili ya gemu nyingi za kompyuta, Minecraft ikiwemo, unakutana na faili za Vorbis, zile zinazoishia na .ogg.

Na nafasi? Sauti isiyobanwa yenye ubora wa CD ina sampuli 44,100 kila sekunde, biti 16 kila moja, kushoto na kulia. Dakika moja inakula zaidi ya megabaiti 10. Vorbis ya kilobiti 128 kwa sekunde inaishusha hadi karibu megabaiti 1, na kwa masikio yangu, muziki wa gemu kwa kiwango hicho unasikika vizuri sana.

Lakini kilichobanwa lazima kifunguliwe, na anayefungua ni prosesa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu gemu zao. Gemu ya Titanfall ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2014, ilichukua gigabaiti 48, na 35 kati ya hizo zilikuwa sauti isiyobanwa! Watengenezaji walieleza kwamba kwenye kompyuta zenye prosesa ya viini viwili, kufungua sauti zote zile kungekula sehemu kubwa ya kiini kimoja. Watu walilalamika sana, lakini naiona mantiki yao. Afadhali diski ijae kuliko picha ianze kukatakata katikati ya mapambano.

Kati ya kubana sana na kutobana kabisa kuna njia ya kati, nayo ni ADPCM. Ni fomati ya zamani, na naipenda kwa moyo wote. Badala ya kuandika kila sampuli nzima, inaandika tofauti yake na ile iliyotabiriwa kutokana na zilizotangulia, kama mtu anayekuelekeza njia kwa kusema panda kidogo, sasa shuka kidogo. Biti 16 zinakuwa 4, faili linabaki robo, na kuifungua ni hesabu nyepesi mno. Konsoli ya Super Nintendo ilitumia aina yake, sampuli 16 ndani ya baiti 9, kwa sababu kumbukumbu yote ya sauti ilikuwa kilobaiti 64. PlayStation ya kwanza nayo ilikwenda njia hiyohiyo.

Angalieni kipimo cha prosesa hapa pembeni. Hii ni milio ya risasi na nyayo, mingi kwa pamoja, kwa Vorbis... mstari unapanda. Naweka ADPCM... umetulia. Kasoro yake ni mkwaruzo mdogo unaosikika nyuma ya sauti laini, kinanda kwa mfano. Kwenye risasi, milipuko na nyayo hauutambui kabisa. Kwa hiyo sauti fupi zinazolia mara kwa mara nazipa ADPCM, muziki mrefu naupa Vorbis, tena usomwe kidogo kidogo kutoka kwenye diski badala ya kupakiwa wote kwenye kumbukumbu.

Fomati ya nne ni Opus. Ilisanifishwa mwaka 2012, na kwa sauti ya binadamu sijaona inayoishinda. Maongezi ya wahusika yanabaki safi hata kwa kiwango cha chini ambacho MP3 ingeanza kutoa sauti ya bati. Tena ucheleweshaji wake ni mdogo, ndiyo maana mazungumzo ya moja kwa moja ya wachezaji, kwa mfano kwenye programu ya Discord, hupita humo. Ila hakikisha kwanza injini yako, yaani programu unayotengenezea gemu, inaikubali.

Kwa wanaotengeneza gemu za konsoli, fomati za XMA ya Xbox 360 na ATRAC9 ya PlayStation 4 hufunguliwa na vifaa maalumu ndani ya konsoli zenyewe, fuateni tu maelekezo ya konsoli husika.

La mwisho, na hili naomba mlishike: msichukue MP3 mkaigeuza kuwa Vorbis. Kilichotupwa na MP3 hakirudi, na Vorbis itatupa tena vingine juu yake. Tunzeni WAV ya asili, yaani faili la sauti isiyobanwa. Injini ya Unity, kwa mfano, hubana sauti upya inapoingiza faili, kwa hiyo ipeni WAV, kisha kwenye mipangilio ya kila sauti chagueni wenyewe Vorbis au ADPCM.