Mgahawa wa madereva Mbalizi: wali safi, mlinzi wa kweli, bafu bado

Ukimaliza kuteremka Iwambi kuelekea Tunduma, kuna mgahawa wa mabati ya kijani wenye uwanja mkubwa pembeni, malori ya Kongo yanalala pale. Mimi huenda Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, na salfa na kurudi na shaba, na barabara hii nimeila yote. Hapa ndipo ninapopaamini.

Wali ni wa Kyela, punje moja moja, na harufu inakufikia kabla ya sahani. Alfajiri kuna ndizi na utumbo, mchuzi mzito, ndimu na pilipili ya kusaga. Bei zimeandikwa ukutani na hazibadiliki kwa sababu umeteremka kwenye semi. Hilo nalithamini sana, maana huko mbele kila kizuizi kina mtu anayetaka hela ya maji, na posho anayonipa tajiri mwenye lori haiongezeki.

Wali huu unalipwa na shaba. Watu huniuliza uchumi wa Kongo unakuaje na vita vile. Mwaka 2024 uchumi wao ulikua kwa zaidi ya asilimia 6! Tazameni ramani: vita iko Kivu, mashariki, na shaba iko mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, mamia ya kilomita kusini. Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, sisi tuliendelea kupakia. Wizi nao haukusimamisha mgodi. Waziri mkuu wa zamani, Matata Ponyo, alihukumiwa miaka 10 Mei 2025 kwa fedha za mradi wa kilimo wa Bukanga-Lonzo, na Septemba aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, akapewa mitatu kwa fedha za kujenga gereza. Shaba ikazidi kutoka.

Lakini nani anaiona hiyo asilimia? Utingo mmoja wa Lubumbashi tuliyekaa naye meza moja ana dada yake Goma. Benki za kule zilifungwa M23 walipoingia, akawa anamtumia hela kwa simu, na wakala anamkata dada pesa nyingi ndipo ampe noti. Chakula chake kilipoa akisubiri ujumbe kwamba imefika. Inaniuma, kwa sababu mzigo wa nchi yao ninaupitisha mimi.

Usiku mlinzi anazunguka na tochi, anamulika sili za mzigo moja moja mbele yako kabla hujalala, kisha anakagua tangi la dizeli. Sijawahi kuibiwa pale.

Ubaya ni bafu: mawili tu kwa uwanja ule, na maji hukatika jioni. Mama mwenye mgahawa, ongeza simtanki, wateja unao. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ikifunguka malori yanafika kwa mkupuo, basi agiza utumbo mapema. Saa moja asubuhi sufuria ni tupu.