Kuitetea "and the Anonymous Nobody...": De La Soul hawakuikimbia hip hop

Lawama dhidi ya albamu hii zinafahamika. De La Soul, kundi la rapu la watu watatu kutoka Marekani, walikaa miaka 12 bila albamu kamili ya kundi, wakachangisha pesa za mashabiki, halafu wakaleta kazi yenye roki ya gita za nguvu, wimbo ambao rapa anaingia ukiwa unaelekea ukingoni, na ufunguzi wa mwimbaji Jill Scott akinena juu ya fidla bila emsii hata mmoja kugusa maiki. Hayo yote yamo kweli. Lakini anayehitimisha kwamba hii si hip hop amesikiliza sauti tu, hajauliza zile sauti zilipatikanaje. Ukijua zilivyotengenezwa, utaona kwamba albamu chache za marapa wakongwe zimeshikilia misingi ya fani hii kwa uaminifu kama hii.

Ilitoka tarehe 26 Agosti 2016 chini ya lebo yao wenyewe, AOI Records, ikiwa na vipande 17. Kabla yake kulikuwa na The Grind Date ya 2004. Katikati hapo wanakundi Posdnuos (Pos), Dave na Maseo hawakulala: walizunguka dunia kwa shoo, na wengi waliowasikia kwa mara ya kwanza waliwasikia ndani ya wimbo Feel Good Inc. wa bendi ya Gorillaz mwaka 2005. Kilichowakwamisha ni sheria.

Turudi 1989. Albamu yao ya kwanza, 3 Feet High and Rising, iliyosimamiwa na prodyuza Prince Paul, ilijengwa kwa sampo, yaani vipande vilivyokatwa kwenye santuri za watu wengine. Mle ndani kuna Steely Dan, kuna mluzi wa Otis Redding, kuna Hall & Oates, kuna hata santuri ya kufundishia Kifaransa. Kile cha Kifaransa kilikaa juu ya kipande cha The Turtles kilichopunguzwa kasi, na The Turtles wakawapeleka mahakamani. Pande mbili zikamalizana nje ya mahakama, lakini tangu hapo kila kampuni ya muziki Marekani ikawa makini na sampo.

Kwa asiyejua hesabu ya sampo, iko hivi. Kila kipande unachokata kina haki mbili: haki ya rekodi yenyewe, ambayo mara nyingi iko kwa lebo, na haki ya utunzi, ambayo iko kwa mtunzi au mchapishaji wake. Kwa hiyo wimbo mmoja wenye sampo tano unaweza kukudai mazungumzo kumi, na mwenye haki mmoja tu akikataa, wimbo wote unalala. De La Soul walikuwa na shida nyingine juu ya hiyo. Vibali vya enzi zile viliandikwa vikitaja santuri na kanda, hakuna aliyefikiria faili la intaneti. Simu zilipokuja kuwa redio za watu, albamu zao za zamani hazikuwemo. Tarehe 14 Februari 2014 waliamua kuzigawa bure kwa saa 25, kwa sababu kijana wa wakati huo hakuwa na njia halali ya kuzipata kwenye intaneti. Mpaka zinaingia rasmi kwenye huduma za kusikilizia muziki ilikuwa tarehe 3 Machi 2023.

Sasa jiweke kwenye viatu vyao mwaka 2015. Unajua kazi moja kuliko zote: kuchimba sauti, kuzikata na kuzipanga upya. Kila ukichimba kwa mtu, wanasheria wanasimama mlangoni. Wengine wangenunua biti za kinanda kwa prodyuza wa msimu na kumaliza. Wao waliita wapigaji wa bendi ya Rhythm Roots Allstars, waliokuwa wamezoeana nao jukwaani, wakawaacha wapige. Soul, fanki, roki, vipande vya polepole, chochote. Zikarekodiwa zaidi ya saa 200. Baada ya hapo wakakaa mbele ya zile saa 200 kama prodyuza anavyokaa mbele ya masanduku ya santuri: wakasikiliza, wakatoa baa nne hapa, tarumbeta pale, wakazizungusha, wakaongeza ngoma, wakaandika mistari. Walisampo muziki wao wenyewe, na rekodi zikawa mali yao tangu siku ya kwanza.

Njia hii si ya bei ndogo. Studio inalipwa kwa muda, wapigaji wanalipwa, mtu wa mitambo analipwa, na nyingi ya zile saa hazitaingia popote. Ndiyo maana walikwenda Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi. Waliomba dola 110,000, zikatimia siku hiyohiyo, na mpaka mwisho zilifika zaidi ya dola 600,000 kutoka kwa watu zaidi ya 11,000. Anayesema mashabiki walidanganywa aangalie ahadi ilikuwa ipi: mpango wa kurekodi wapigaji halisi kisha kukata humo ulielezwa wakati wa kuchangisha. Kilicholetwa ndicho kilichoahidiwa.

Tuingie kwenye nyimbo. Baada ya Genesis ya Jill Scott inakuja Royalty Capes, na hapo sikiliza matarumbeta. Yanapiga kama ya kumkaribisha mfalme, yanarudi na kurudi, lakini kila mzunguko una pumzi, kwa sababu aliyeyapiga ana mapafu. Pos na Dave wanachana juu yake bila haraka. Mtu aliyezoea biti za leo, ambapo hi-hati, yale matoazi madogo ya ngoma, inanyunyiziwa kila mahali, ataona pametulia mno. Utulivu huo ndio unaoacha mstari usikike neno kwa neno, na Pos ni mwandishi anayeficha vina katikati ya sentensi, si mwishoni tu. Mpigie ngoma nzito juu yake uone utabaki na nini.

Pain, aliomo Snoop Dogg, ndiyo rahisi kuliko zote kuipenda. Gita la besi linatembea, mtu yeyote atatikisa kichwa, na maudhui ni ya watu wazima: maumivu yanachukuliwa kama kitu cha kukukuza. Property of Spitkicker.com, pamoja na rapa Roc Marciano, ni jibu kwa anayedai humu hamna hip hop ya mtaani. Biti kavu, kiza kidogo, marapa wanapokezana, basi. Trainwreck ni fanki ya moja kwa moja. Memory of... (US), yenye Estelle na Pete Rock, ni soul ya mapenzi yaliyovunjika, imepangwa vizuri sana na haina hata sekunde ya kujionyesha. Kwenye Greyhounds, Usher anaimba kiitikio cha hadithi ya msichana anayepanda basi kwenda jiji kubwa kutafuta ndoto, na mistari inasimulia kinachompata huko bila kumhukumu.

Snoopies inastahili kusikilizwa kwa makini kidogo zaidi. David Byrne, yule wa bendi ya roki ya Talking Heads, anaimba juu ya mdundo wa vinanda vya umeme unaodundadunda, halafu ghafla chini panabadilika, inaingia biti nyingine kabisa, nzito, na De La wanachana. Kisha inarudi kwa Byrne. Ni nyimbo mbili zilizoshonwa, na mshono umeachwa uonekane makusudi. Prince Paul na vijana hawa walikuwa wakifanya hivyohivyo mwaka 1989 kwa mkasi wa santuri. Aliyeipenda ile na kuikataa hii anipe sababu, maana ufundi ni uleule.

Drawn, waliyoshirikiana na bendi ya Little Dragon, ndiyo inayolalamikiwa na wapenda mistari. Sauti ya mwimbaji wa bendi hiyo, Yukimi Nagano, inashika karibu wimbo mzima, nyuzi zinadonolewa taratibu, na rapu inafika mwishoni. Msikilizaji wa taarab asilia hapaswi kusumbuka hapa: anajua kumsubiri mwimbaji wakati fidla na ganuni zinaandaa ukumbi. Rapa anapoingia, neno lake lina uzito kwa sababu ulilisubiri. Kwangu mimi huu ndio wimbo bora wa albamu, na ungeharibika kabisa kama wangemwingiza rapa dakika ya kwanza ili kuwaridhisha watu.

Lord Intended ndiyo ngumu kuitetea, na sitaitetea yote. Inagonga dakika saba, gita ni za roki ya viwanja vikubwa, na Justin Hawkins wa bendi ya roki ya The Darkness anapanda na sauti ile yake ya juu. Mwanzo unafanya kazi: marapa wanasukumana na gita, na kuna nguvu. Sehemu ya mwisho inarefuka kupita hoja yake, na ingekatwa dakika mbili isingepoteza kitu. Hata hivyo imetoka kwenye zile saa 200 kama nyingine zote, na kundi linalodai uhuru wa kuchimba popote lina haki ya kuchimba roki pia. Run-DMC, kundi lingine la rapu, walipita njia hiyo miaka ya themanini na hakuna aliyewanyang'anya hip hop yao.

Kasoro halisi zipo kwingine, na wakosoaji wengi hawazigusi. Ya kwanza ni ngoma. Santuri ya mwaka 1972 inapokatwa inakuja na kila kitu chake: vumbi, kanda iliyoshiba, chumba kilichorekodiwa, mikono mitatu ya mafundi. Teke la ngoma, ule mdundo mzito wa chini, linakuwa na nyama. Bendi iliyorekodiwa leo kwa vifaa safi inatoa sauti safi, na usafi huo ukizungushwa kama sampo unapungukiwa ukali. Katika nyimbo mbili tatu ungetamani wangeichafua zaidi kabla ya kuikata. Ya pili ni vipande vya mpito, kama CBGBS na Sexy Bitch. Zamani vichekesho vya De La Soul kati ya nyimbo vilikuwa na hadithi inayoendelea. Hivi vinapita bila kuacha alama. Ya tatu ni Whoodeeni, pamoja na rapa 2 Chainz: si mbaya, lakini ndipo pekee ambapo mgeni anaonekana kaalikwa kwa jina lake.

Na lawama kwamba wageni ni wengi mno? Hoja hiyo haisimami. Toa Whoodeeni, kisha jaribu kumwondoa mgeni mwingine yeyote uone wimbo unavyoanguka. Sauti zao zimetumika kama ala.

Wapo wanaoichapa albamu hii kwa fimbo ya kundi la A Tribe Called Quest, waliotoa ya kwao Novemba ya mwaka huohuo. Ni ndugu wa Native Tongues, ule umoja wa makundi ya rapu, ndiyo, lakini kazi ni tofauti. Tribe walikuwa na moto wa siasa za wakati ule na msiba wa rapa wao Phife Dawg, aliyefariki Machi 2016. De La walikuwa wanauliza swali lao: mtu anachangia nini asipotaka jina? Ndiyo maana ya kichwa cha albamu, na katika Exodus wanakataa kuitwa mashujaa, wanajiita wachangiaji wa kawaida. Albamu moja haikosei kwa kutokuwa nyingine. Tuzo za Grammy za 2017 ziliiweka kati ya zinazowania albamu bora ya rapu, ingawa Chance the Rapper ndiye aliyeichukua.

Dave alifariki tarehe 12 Februari 2023, siku 19 tu kabla ya zile albamu za zamani kufunguliwa kwa dunia. Here in After, waliyoifanya na Damon Albarn wa Gorillaz, inahusu kuondokewa na kubaki. Haikuandikwa kwa ajili yake, lakini sasa ni vigumu kuisikiliza ukiwa na mawazo mengine.

Kuhusu namna ya kuisikiliza: spika ya simu haifai kabisa. Besi ya Pain na nyuzi za Drawn zinapotea, unabaki na sauti za watu juu ya kelele nyembamba, na hapo ndipo wengi wanapoanza kusema "imepoa". Tumia vipokea sauti vya masikioni vyenye besi ya kawaida, au redio ya nyumbani. Zima mpangilio wa kuchanganya nyimbo ovyo, na zima ule wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu kuingia kwa Genesis ndani ya Royalty Capes kumepangwa. Ukipata santuri, ni mbili ndani ya kasha moja, na kulazimika kugeuza upande kunasaidia: albamu ya saa nzima iliyotulia hivi inapumua vizuri ikigawanywa.

Kama ni mgeni kwao, usianze mwanzo. Anza na Pain, fuata Property of Spitkicker.com, kisha Trainwreck na Greyhounds. Ukiridhika, rudi Genesis uende mpaka Exodus bila kuruka, hata Lord Intended, angalau mara moja. Ukifika Trainwreck na bado hujaguswa, chukua Stakes Is High ya 1996; huko ngoma ni nzito, mistari ni mingi, na hakuna gita la kukusumbua.