Kupasua goti au kulitibu bila kisu

Daktari kijana anayependa michezo ana milango miwili. Wa kwanza ni upasuaji wa mifupa: baada ya shahada ya udaktari, kuna miaka mitano hivi ya kusomea ubingwa, kisha mara nyingi mwaka mwingine wa majeraha ya michezo peke yake. Wa pili, tiba ya michezo isiyo na kisu, kwa kawaida ni mfupi zaidi.

Utamu wa upasuaji utauona kano ya mbele ndani ya goti inapokatika. Daktari anatoboa matundu madogo, anapitisha kamera, na macho yake yanabaki kwenye skrini, si kwenye goti. Anachukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, labda ya nyuma ya paja, anakipitisha kwenye mashimo aliyotoboa mfupani na kukikaza. Saa moja au mbili hivi, kazi imekwisha. Ila mchezaji atakaa nje takribani miezi tisa, na daktari ndiye wa kumwambia uso kwa uso. Kwangu mimi, hapo ndipo ubingwa unapopimwa.

Asiyepasua yuko karibu zaidi na uwanja: mtikisiko wa ubongo, misuli iliyochanika, vifundo vya miguu vilivyoteguka. Majeraha mengi ya michezo hayahitaji kisu kabisa, hivyo hakosi wagonjwa.

Mwenye mikono mitulivu na anayestahimili kusimama kutwa, ningemshauri upasuaji. Anayetaka kumfuata mchezaji msimu mzima atafurahi zaidi pembeni mwa uwanja.