Nahodha aliyenirudisha nchi kavu samaki wakiwa wamechangamka: safari yangu ya Mille Lacs

Juni iliyopita mimi na shemeji yangu tulikodi boti pamoja na nahodha wake, kwa muda wa saa nne, dola 400, Ziwa Mille Lacs hapa Minnesota, Marekani. Bei hiyo ina fimbo za kuvulia, chambo na majaketi ya kuokoa maisha. Leseni ya jimbo kila mtu anakata yake. Tulimfuata wolai (Sander vitreus), samaki anayependwa huku mpaka mwaka 1965 akafanywa samaki rasmi wa jimbo.

Vifaa vilikuwa safi: mshipi wenye chelezo kinachoteleza, chubwi dogo la kuzamisha chambo, ndoana moja yenye ruba hai. Ila saa nzima ya kwanza jua lilichoma, maji shwari, hatukupata kitu. Nahodha hakuhangaika. Alitueleza kwamba jicho la wolai lina utando nyuma unaorudisha mwanga, ndiyo maana gizani linang'aa kama la paka, na jua kali humkera. Subirini wingu, alisema.

Wingu likaja. Kwenye saa kumi na moja jioni, magharibi kukawa na rangi ya wino, upepo ukaanza kuvuruga maji, na chelezo changu kikazama. Ndani ya dakika ishirini tulitoa wanne. Tuliwapima na kuwaachia, maana sheria ya urefu wa samaki wa kuondoka naye ilikuwa kali ziwani hapo. Wa kwanza wangu alikuwa na rangi ya dhahabu iliyofifia, na ncha ya chini ya mkia nyeupe, utadhani imechovywa kwenye chokaa. Nilimshika vibaya, miba ya mgongoni ikanichoma kiganja.

Hapo ngurumo ya kwanza ikasikika, mbali, kama lori linapita juu ya daraja. Haijaisha masikioni, nahodha tayari anakusanya mishipi.

"Shemeji, mbembeleze atuongeze dakika kumi tu," shemeji akaninong'oneza.

Nilitamani, sisemi uongo. Lakini yule mzee alikwisha kulaza fimbo zote chini, kwa kuwa ni za grafaiti na grafaiti hupitisha umeme, akatuambia tukae. Njiani alitufundisha kuhesabu: ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie mlio, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Tulihesabu ishirini na nne. Mara ya pili, kumi na tano.

Mille Lacs ni sinia. Ina zaidi ya kilomita za mraba 500, lakini penye kina kirefu kabisa ni kama mita 13 tu, kwa hiyo upepo ukilipiga mawimbi huwa mafupi, yamesimama wima, na yanafuatana bila nafasi. Nusu ya njia yalianza kuturukia ndani. Tulifika gatini, na hatujamaliza kufunga kamba mvua ya mawe ikaanza kumwagika.

Nimekulia Mwanza. Mjomba wangu alivua dagaa usiku kwa karabai, na radi za Ziwa Victoria nazo hupenda usiku. Akirudi mikono mitupu hakukuwa na mboga nyumbani wala mafuta ya injini ya kesho, basi alikuwa anabaki. Wenzake wawili hawakurudi. Ndiyo maana nampa nahodha huyu alama zote, ingawa nilikuwa nimelipia samaki. Hata kwenye gari lake, tukisubiri, alikataa kurudi majini mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kila ikipiga nyingine anaanza kuhesabu upya. Muda wetu uliishia hapo.

Lawama yangu ni moja, nayo ni kwa ofisi inayopokea malipo. Fomu yao haisemi popote kwamba radi ikikatisha safari pesa yako inakuwaje. Nilipiga simu mara tatu ndipo wakanipa saa mbili za bure siku nyingine. Waandike wazi, kwa sababu mteja anayeogopa hasara ndiye atakayemsukuma nahodha abaki majini.

Ukikodi boti yoyote kule, kabla hujatoa hela muulize nahodha atafanya nini akisikia ngurumo ya kwanza. Sisi saa zetu mbili tumeziweka Septemba, na nimeomba mzee yuleyule.