Povu la rangi ya jua: maoni ya mpaka hina wa Malindi

Kazi yangu ni hina na singo, yaani kusugua mwili kwa viungo vya manukato. Wateja wangu ni mabibi harusi wa Shela na Maweni, lakini kaskazi ikivuma na Wataliano wakijaa mjini, naitwa pia mtaa wa Casuarina kuwapaka povu la rangi, lile linalompa mzungu wekundu wa aliyeota jua wiki nzima na hali ameshuka ndege jana. Chupa huja nazo wenyewe. Za kampuni mbalimbali zimepita mikononi mwangu, na sitaji jina kwa sababu ukisoma nyuma utakuta dawa ni moja: dihidroksiasetoni, huandikwa DHA.

Aliyezoea hina hatapata taabu kuielewa. Hushika ngozi ya juu tu, ile iliyokwisha kufa, na hutoka kadiri ngozi inavyojivua. Hesabu siku tano hadi saba. Na kama hina inavyokolea kiganjani kuliko mgongoni mwa mkono, povu nalo hukolea penye ngozi nene na kavu: viwiko, magoti, vifundo vya miguu, visigino. Madoa huanzia hapo. Watu huitukana chupa bure.

Mimi humwambia mteja anyoe miguu siku moja kabla, kisha namsugua singo, ila si ile ya bibi harusi. Manjano siweki, yataacha rangi yake. Mafuta siweki kabisa, maana yakibaki mahali povu halishiki. Liwa (unga wa msandali) na unga wa mchele kwa marashi, basi, na kuoga vizuri baadaye. Akishakauka napaka losheni nyepesi viwikoni na magotini ili pasinywe rangi kupita kiasi, halafu naanza na glovu kutoka miguuni kwenda juu, kwa mviringo. Mikono na nyayo ni za mwisho, kwa kile kilichobaki kwenye glovu. Uso vilevile.

Kinachonipendeza kwenye povu kuliko losheni za kujigeuza rangi ni ule wino wa kahawia waliouchanganya: unaona umepita wapi na umeruka wapi. Wino huo hutoka akioga, na rangi yenyewe hujitokeza pole pole, kwa muda wa saa nne mpaka nane. Losheni nyeupe ni kupaka gizani.

Kisichonipendeza ni jasho. Dawa hii ilitengenezewa nchi za baridi, nafikiri. Hapa mtu akipakwa mchana, kwapani na nyuma ya magoti hutoka mistari. Nipigie simu nije baada ya magharibi, feni iwake, na asivae kitu cha kubana. Harufu nayo ipo, kama biskuti iliyoungua, na watu hustaajabu nikiwaambia kuwa DHA ikikutana na protini ya ngozi hufanya kazi ileile inayopiga ganda la mkate wekundu ndani ya tanuri.

La hatari ni moja: haizuii jua. Mteja mmoja alijiona ameshakuwa mtu wa pwani, akalala ufuo wa Silver Sand saa sita mchana bila kujipaka kinga. Jioni mabega yalikuwa kama kamba wa kuchemsha.

Shangazi yangu aliniuliza, "Mwanangu, hawa walipa wawe weusi, na wa kwetu walipa wawe weupe?" Nikamjibu, angalau hawa rangi yao haipiti ngozi iliyokufa, na hutoka nayo. Krimu za mkorogo zenye zebaki huingia mpaka kwenye figo, na hiyo kazi sifanyi kwa bei yoyote. Piko nyeusi, ile rangi ya nywele wanayoichorea kama hina, pia sipaki. Nimeona mikono iliyotoka malengelenge.

Ukitaka kuagiza, chukua ya rangi ya kati. Ile iliyoandikwa nyeusi zaidi humfanya mtu mweupe sana awe wa machungwa, na mashuka ya hoteli nayafua mimi.